Kamera Iliyomwona Kahambu

Nyamwamba, Kasese
10 Februari 2024

Kwa Shangazi Eseza,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na wote wa hapo Bwera, pamoja na samaki wa kukaanga wa hoteli yako ambao harufu yao naikumbuka hata nikiwa nimeshiba. Sisi hapa tunaendelea. Mguu wa Baba bado unamsumbua, lakini mdomo ni mzima. Tangu astaafu jeshi anatuamrisha sisi badala ya makuruta: "Kuja hapa! Simama! Nani imekunywa chai yangu?" Dada Evas amejifungua mtoto wa kike, mnene, kilio chake kinasikika mpaka barabarani.

Sasa kamera ya marehemu mzee Yonasani. Uliniletea niitengeneze, ukasema ikishindikana niitupe. Haikushindikana, ila hairudi kwako kama ilivyokuja, na ndiyo sababu nakuandikia kabla hujaifungua ukapiga kelele. Ndani ya kila kamera ya dijitali, mbele ya kile kipande kinachopokea picha, kuna kioo chembamba. Kazi yake ni kuzuia mwanga fulani wa jua ambao jicho letu haliuoni, unaitwa infraredi. Nilifungua skrubu zote, ndogo kama simsim, nikapigwa shoti na kile kidude kinachohifadhi umeme wa flashi mpaka mkono ukafa ganzi, lakini kioo nilikitoa. Mahali pake nimeweka kingine, cheusi, kinachofanya kinyume chake: kinazuia mwanga tunaouona na kupitisha ule tusiouona. Sasa kamera ya mzee inaona kile jicho lisichoweza kuona.

Majani yote yanatoka meupe. Nilipanda kilimani Rukoki nikapiga picha migomba na mibuni, Shangazi, ungedhani imemwagiwa unga wa muhogo. Anga jeusi. Suti nyeusi ya Baba ilitoka rangi ya udongo, akasema nimemharibia suti. Watu nao wanabadilika. Ngozi inapauka na kung'aa kama mshumaa, midomo inafifia, na mishipa ya damu inaonekana chini ya ngozi kama imechorwa kwa wino. Usiogope. Ni hivyo kwa kila mtu, hata kwa kichanga cha Evas.

Naituma kwa mkono wa Tsongo, dereva wa lori la kahawa. Mpe Kahambu apige picha milima ya Nyakiyumbu. Kuna lodji ya watalii hapa wanapenda picha za namna hiyo, na yeye ana jicho zuri kuliko langu.

Hilo la kamera lilikuwa mlango tu. Lililo ndani ya nyumba ni hili: nataka kumwoa Kahambu. Wewe ulimpokea alipokimbia vita kule Beni, ng'ambo ya mpaka, akiwa na kandambili ya mguu mmoja. Amekupikia, amekuchotea maji, anakuita Mama. Najua hana mtu wa kukaa upande wake siku ya kuzungumza mbuzi wa mahari. Nakuomba ukae wewe. Maneno kama haya hayasemwi kwenye simu, ulinifundisha mwenyewe, kwa hiyo nangoja barua.

Mwanao,
Nobert


Bwera
24 Machi 2024

Mwanangu Nobert,

Salamu zako zimefika zikinuka kahawa. Nashukuru Mungu kwa mtoto wa Evas. Mwambie asimnyonyeshe akiwa amekasirika, namjua. Hapa sote wazima. Jirani yangu Mackline amechaguliwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na sasa anatembea kama amebeba mayai kichwani.

Uliniomba nisipige kelele. Nimepiga. Kamera ambayo Yonasani alikuwa akilala nayo karibu kuliko mimi, wewe umeitoa kioo ili majani yawe meupe! Nani alikuambia majani yana kasoro?

Basi, Kahambu akaipiga milima yako. Ni myeupe kweli, kama kila kitu kimekufa. Kisha nami nikaichukua, nikampiga yeye akiwa mlangoni kwenye jua, anatoa samaki magamba. Picha ile niliwaonyesha akina mama walipokuja kunywa chai, nikawasomea na maneno yako yale, kwamba kamera hii inaona kile jicho lisichoweza kuona. Mackline akaweka kikombe chini. Unakumbuka miaka ile ya ebola, sote tunapangwa mstari mpakani pale Mpondwe, tunaelekezewa ile bunduki ndogo ya kupima homa kwenye paji la uso? Nesi aliyekuwa akitupima alituambia maneno hayo hayo. Mackline akasema, "Ile ya ku mupaka iliona homa tu. Hii imeona mpaka damu. Muangalie, damu ya huyu mutoto iko nyeusi!" Mwingine akadakia, "Na midomo yake iko wapi?" Kahambu alikuwa amesimama na birika. Alicheka, akidhani ni utani.

Mimi niliwapitishia sukari. Ningesema nini? Mackline ana mdomo, lakini mashine haina mdomo wala jirani. Mashine haidanganyi.

Mambo ya ndoa tuyaache kwanza. Mtoto wa kaka yangu hawezi kuoa mtu asiyejulikana ndani yake kuna nini, tena asiye na hata mjomba wa kupokea mbuzi. Mackline ana binti, amemaliza ualimu. Anakuulizia.

Shangazi yako,
Eseza


Nyamwamba, Kasese
2 Aprili 2024

Shangazi,

Nakusalimu. Evas na mtoto wazima. Baba amelazwa, mguu utapasuliwa, na mimi ndiye ninayemgeuza kitandani, vinginevyo ningekuwa nimeshafika Bwera badala ya karatasi hii.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa, na mara zote mbili nilikasirika. Uliwasomea kipande tu! Mistari michache chini niliandika kwamba ni hivyo kwa kila mtu. Kwa nini hapo hukufika?

Nieleze tena, na safari hii nakuomba usome mpaka mwisho. Bunduki ya mpakani inapima joto la mwili. Kamera hii haipimi joto hata kidogo. Weka mbele yake mgonjwa wa homa na mtu mzima, haitawatofautisha. Inachopokea ni mwanga wa jua tu, unaoingia kidogo ndani ya ngozi na kurudi. Damu ya kwenye mishipa inaumeza mwanga huo, ndiyo maana mishipa inatoka myeusi. Kila mwenye damu atatoka hivyo, awe wa Beni au wa Bwera.

Dawa yake ni nyepesi. Jumapili baada ya misa mpige picha Mackline. Jipige na wewe. Mpige katekista Aaron. Halafu ziweke zote pamoja na ile ya Kahambu, watu waone. Ni kazi fupi kuliko kuchemsha chai, na jina la mtu litakuwa limepona. Shangazi, huyu ni mtu anayelala chini ya paa lako. Akiharibikiwa jina hapo, hana kwingine pa kwenda.

Nimemwandikia yeye mwenyewe barua kadhaa kwa mkono wa Tsongo. Hajajibu hata moja. Je, zinamfikia?

Binti wa Mackline simtaki, hata akija na shule yake nzima.

Nobert


Bwera
19 Mei 2024

Mwanangu Nobert,

Pole kwa mguu wa kaka yangu. Mwambie namwombea, na kwamba asimtukane daktari kabla nyuzi hazijatolewa.

Nimechelewa kujibu. Kwanza ilikuwa mvua, halafu mgongo, halafu sikutaka.

Kumpiga picha Mackline sikuweza. Betri imekufa, na hata ingekuwa hai, nani atakubali kusimama mbele ya chombo kile? Wewe kaa huko mjini uwaite wajinga. Mimi ndiye ninayeishi nao.

Kahambu hayupo. Usirushe karatasi, soma. Sikumfukuza. Nilimtengea sahani yake na kikombe chake, jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya, ile sahani ya bati iliyopinda. Wateja wakaanza kuuliza nani anakaanga, nikamtoa jikoni nikampa kuni na maji. Wakauliza nani anachota maji. Usiku nikawa namsikia anakohoa, nikamhamishia stoo ya kuni. Ni moshi uliomkohoza, najua ni moshi, lakini mteja akisikia kikohozi haulizi kimetoka wapi. Na kila nilipomwambia fanya hivi, kaa kule, alijibu, "Ndiyo, Mama." Ungekuwa wewe usingekasirika? Mtu anatendewa hivyo na anasema ndiyo, Mama! Angenitukana hata mara moja ningemheshimu.

Asubuhi moja aliniletea sahani imeoshwa, akapiga magoti, akasema, "Mama, aksanti kwa miaka yote. Naenda kwetu." Nikamwambia kwenu ni wapi, kwenu kulichomwa. Akasema, "Hata kama balichoma, ni kwetu tu." Nikampa ndizi za njiani na shuka. Shuka nzuri, haijatoboka.

Barua zako kwake ninazo. Sikuzifungua. Sikumpa pia, zingemtia moyo wa bure. Nakurudishia pamoja na kamera yako.

Sasa uko huru, na siku moja utanishukuru.

Shangazi yako,
Eseza


Nyamwamba, Kasese
1 Juni 2024

Shangazi Eseza,

Baba ametoka hospitali. Kamera imefika. Barua zangu zimefika, umezifunga vizuri kwa uzi.

Nilikuja mpaka Mpondwe, kwako sikupita. Niliuliza kwa wapakizi wa malori. Mmoja alimkumbuka msichana aliyebeba shuka, akipanda lori la kuvuka kwenda Butembo. Alisema, "Haikuwa inalia. Ilikuwa inaangalia tu chini." Zaidi ya hapo hakuna anayejua.

Niliitazama picha uliyompiga. Anacheka ndani yake, Shangazi. Nyinyi mliangalia mishipa.

Usiniandikie tena mpaka uwe na habari zake.

Nobert


Bwera
18 Agosti 2024

Mwanangu Nobert,

Natumaini kaka anatembea. Nimesikia mtoto wa Evas amebatizwa. Sikualikwa, si kitu, mpeni jina zuri.

Sijui nianzie wapi, na unajua mimi si mtu wa kukosa pa kuanzia.

Hoteli yangu imekufa. Mackline hakuishia kwa Kahambu. Alikaa akafikiri, na Mackline akikaa akafikiri, kuna mtu ataumia. Akawauliza wenzake: kama msichana yule alikuwa mgonjwa, nani alikula mikononi mwake? Nani alilala naye nyumba moja? Nani alikandwa mgongo naye kila jioni? Wakaacha kwanza samaki, halafu chai, halafu kunipa mkono. Kanisani benchi ni langu peke yangu, naweza kujinyoosha nikalala. Sosthène, yule mfanyabiashara wa maharage kutoka Butembo, aliyekula kwangu tangu Yonasani yuko hai, sasa anakuja na chakula chake kwenye kopo. Alisimama kule barabarani akasema, "Mama Eseza, unisamehe. Miye niko na batoto." Nikamwambia, Sosthène, mimi sina ugonjwa wowote. Akasema, "Na ule mutoto alisemaka vile vile."

Wiki iliyopita nilifungua mlango nikakuta mtu ameniwekea sahani ya bati kizingitini. Nililia, Nobert. Mimi, niliyezika mume bila kutoa chozi mbele ya watu.

Nimewaeleza habari za mwanga na mishipa kwa mdomo wangu mwenyewe, neno kwa neno kama ulivyoandika. Hawasikii. Wanasema bila shaka nitasema hivyo. Kutoka kwangu ni kujitetea, kutoka kwako ni ufundi. Naomba uje na kamera Jumapili ya tarehe 15 Septemba. Katekista Aaron amekubali tukae nje ya kanisa baada ya misa. Wapige picha wote, waonyeshe, wamalize maneno.

Sisemi kwamba nilikosa. Nasema nakuomba. Najua uliniambia nisikuandikie, na kuna jambo jingine ambalo siwezi kuliweka hapa. Uje tu.

Shangazi yako,
Eseza


Nyamwamba, Kasese
29 Agosti 2024

Shangazi,

Baba anatembea kwa fimbo na kwa amri. Nitakuja tarehe hiyo. Kamera nitakuwa nayo, na betri itakuwa imejaa.

Nobert


Bwera
17 Septemba 2024

Nobert,

Msalimie kaka yangu. Usimsomee barua hii.

Nakuandikia kwa sababu uliondoka upesi, na kuna ambacho hukukiona.

Ulifika umependeza. Nilikuona unashuka kwenye pikipiki, mfuko wa kamera begani, nikasema moyoni, huyu ni damu yangu. Akina mama walikuwa wamekaa, Mackline mbele, Sosthène ameegemea ukuta, Aaron katikati. Hata mimi nilikuwa nimepewa kiti, kwa mbali, lakini kiti. Mackline akakuuliza mbele ya wote, "Mutoto wa Kasese, ni wewe ulifungua hii mashini. Utuambie. Inasemaka bongo? Inadanganyaka?"

Mkono wako ulikuwa juu ya zipu ya mfuko, na uliniangalia mimi. Nilikuchekea. Ndipo ukasema polepole, kwa sauti ile ya baba yako: "Hapana. Mashine haidanganyi. Shangazi ndiye alinifunza hivyo. Muulizeni yeye." Ukapanda pikipiki yako.

Sawa. Ulinipiga, na ulijua pa kupiga. Niliposikia viti vinaburutwa nilijua sitauza tena hata chumvi hapa. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo, ila labda ningengoja kwanza nipewe soda.

Lakini Kahambu alikuwa ndani, Nobert.

Lile jambo nisiloliandika ndilo hilo. Aaron ana ndugu Butembo, nilimwomba amtafute, akampata Kahambu akiuza makaa, anaishi kwa Kavira, binamu yake wa mbali. Hakutaka kuja. Nikampelekea neno kwamba wewe mwenyewe utasimama mbele ya watu na kumsafisha jina. Hapo akapanda lori. Alifika Jumamosi, amekonda, lakini mzima kabisa, hakohoi, na alikuwa amekopa gauni la Kavira la kuvaa siku hiyo. Tukamkalisha sakristia, kile chumba cha mavazi ya padri, mlango umerudishwa tu, ili ukimaliza kusema atoke, watu wamwone, na wewe umwone.

Utauliza kwa nini sikukuandikia. Niliogopa. Ukijua yupo ungekuja kwa ajili yake, ungemchukua ukaondoka naye, na mimi ungeniacha na benchi langu. Nilitaka uje kwa ajili yangu. Mimi ndiye niliyekupa maziwa mama yako alipokufa, si yeye.

Alisikia kila neno. Nilipoingia alikuwa bado amesimama nyuma ya mlango, amegeuza mkono wake, anautazama pale kwenye mishipa. Hakulia. Akaniuliza, "Mama, Nobert anajua hii kamera kupita batu bote?" Nikasema ndiyo, anaijua kuliko wote. Akasema, "Basi niko mugonjwa kweli."

Neno la kumjibu nilikuwa nalo. Lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini huko nje viti vilikuwa bado vinaburutwa, na hasira ilikuwa imenijaa, juu yako, juu yao, juu yake na lile gauni la kuazima. Nikamwambia, umemsikia mwenyewe.

Alivuka kurudi Butembo siku ile ile. Aaron alimsindikiza mpaka kwenye daraja, akampa mkono wa kumuaga. Kahambu akarudi nyuma, akaficha mikono yote miwili ndani ya gauni. Akamwambia, "Usinigusake, Baba. Itakushika."

Eseza